Usinunue Makala Kabla ya Kupita Maktabani

Makala moja ya jarida la kitaaluma, kurasa 10 au 15 tu, huuzwa kwenye tovuti za wachapishaji wakubwa wa Ulaya na Marekani kwa dola 30 hadi 40. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam au Morogoro hizo ni fedha za kula kwa zaidi ya wiki nzima. Anaifungua, anasoma ikisiri, anaona kuwa ndiyo hasa aliyokuwa akiihangaikia, kisha anakuta chini yake kitufe cha malipo. Wengi huishia hapo. Wengine humwandikia ndugu aliye ughaibuni awalipie kwa kadi yake ya benki. Na wapo wanaobadili mada ya utafiti kabisa, kwa kuwa wameamini kwamba mada yao haina maandiko ya kusoma.

Mara nyingi makala hiyo hiyo imo ndani ya haki ambazo chuo chao tayari kinazo. Wangeisoma bila kutoa hata shilingi, laiti wangeingilia mlango wa maktaba badala ya kwenda moja kwa moja kwa mchapishaji.

Mimi ni mkutubi katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam, na nimekabidhiwa rasilimali za kielektroniki. Watu wakisikia neno ukutubi hufikiria mhuri wa tarehe ya kurudisha kitabu na mtu anayewanyamazisha wanaoongea. Mhuri bado upo, lakini muda wangu mwingi naumalizia pamoja na msomaji mbele ya kompyuta, tukitafuta namna ya kuliuliza swali lake ili mashine ilielewe. Mwaka 2018, Rais John Magufuli alipozindua maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyojengwa kwa msaada wa China, magazeti yalisifu jengo lenye uwezo wa kupokea watu 2,100 kwa wakati mmoja na kuweka vitabu 800,000. Sifa ile ilistahili. Ila kila maktaba ya chuo siku hizi ina sehemu nyingine ambayo haipigwi picha, na kwa mtafiti sehemu hiyo ni kubwa kuliko rafu zote. Naisikitikia sana, kwa kuwa haina wageni wa kutosha.

Kwanza tujue bure hii inatoka wapi, maana wapo wanaodhani ni ujanja wa kuiba. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilikubaliana na wachapishaji wakubwa kuwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya tiba bila malipo au kwa malipo madogo. Mpango huo uliitwa HINARI. Mwaka uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo likaanzisha AGORA kwa ajili ya kilimo. Mwaka 2006 ukaja OARE wa mazingira, 2009 ARDI wa ubunifu na teknolojia, na 2018 GOALI wa sheria. Yote mitano sasa iko chini ya mwavuli mmoja, Research4Life. Tanzania imo katika kundi la nchi zisizolipa chochote, sawa na Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Pembeni ya mpango huo kuna hifadhidata ambazo vyuo hujadiliana bei kwa pamoja. Hapa kwetu kuna umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti, COTUL, ambao hushirikiana na shirika la kimataifa la EIFL ili wachapishaji washushe bei au waifute. Chuo kimoja kikienda peke yake hakisikilizwi. Vingi vikienda pamoja, mchapishaji hukaa mezani.

Katika Research4Life taasisi ndiyo inayosajiliwa. Mtu mmoja mmoja hawezi kujisajili. Hapo ndipo panaponiuma. Nimetembelea vyuo ambako usajili upo, barua za kukubaliwa zipo, lakini nywila imebaki kwenye daftari la ofisi moja na mwanafunzi wa mwaka wa tatu hajapata kuisikia. Haki imepatikana, na mwenye haki hana habari. Kama wewe ni mwanafunzi, nenda ukaulize kwa jina: je, chuo chetu kimesajiliwa Research4Life, na nitaingiaje? Swali hilo halihitaji barua ya mkuu wa idara.

Jambo la pili linalowakwamisha wengi ni kwamba mlango hufunguka wakiwa chuoni na kufungwa wakifika nyumbani. Sababu yake ni nyepesi. Mchapishaji hakujui kwa sura wala kwa jina. Anachokitambua ni anwani ya mtandao ambako ombi lako limetokea. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, anaona anwani ya chuo na kukuruhusu. Ukiwa Mbagala kwenye bando la simu, anaona anwani ya kampuni ya simu, naye anakuwekea bei. Ndiyo maana maktaba nyingi zimeweka mfumo wa kukupitisha: unaingia kwanza kwenye ukurasa wa maktaba kwa namba ya usajili na nywila yako, na kuanzia hapo mchapishaji anakuhesabu kama umeketi ndani ya maktaba. Ukiuruka ukurasa huo na kuanzia Google, umejitoa mwenyewe chuoni.

Sasa nije kwenye kutafuta kwenyewe, na nitaeleza kwa mfano wa binti mmoja wa shahada ya uzamili aliyetoka Jambiani, Unguja. Mama yake analima mwani. Alikuja mezani kwangu amechoka.

"Shikamoo madam."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Unatafuta nini?"

Alinionyesha sentensi aliyokuwa akiiandika kwenye kisanduku cha kutafutia, nzima nzima kama ilivyo kwenye pendekezo lake la utafiti: athari za mabadiliko ya tabianchi kwa kipato cha wanawake wakulima wa mwani Zanzibar. Kwa Kiswahili ilimletea taarifa chache za habari. Alipoigeuza kwa Kiingereza ilimletea mafuriko ya makala za kila bahari duniani. Msimamizi wake alikuwa amemwambia kuwa labda mada hiyo haijaandikwa vya kutosha.

Mada hiyo imeandikwa sana. Mwani wa biashara ulianza kulimwa Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na tangu hapo watafiti wa bahari, wa uchumi na wa jinsia wamekuwa wakiwafuata akina mama wale majini na vigingi vyao. Kilichokosekana kilikuwa majina. Mashine haijui kuwa mambo mawili ni kitu kimoja mpaka uiambie. Nilimwambia aiweke sentensi pembeni, achukue karatasi, ajibu maswali manne: kitu gani, akina nani, wapi, na kumetokea nini. Chini ya kila jibu aandike kila jina ambalo mtu mwingine angeweza kulitumia kwa jambo lile lile.

Chini ya "kitu gani" aliandika mwani, kisha seaweed, kwa kuwa hifadhidata nyingi za sayansi zimejengwa kwa Kiingereza na hatuna budi kuziuliza kwa lugha hiyo. Nikamuuliza: nyumbani mnalima aina gani? Akajibu bila kusita, spinosamu na kotoni, na kotoni ndiyo yenye bei nzuri lakini siku hizi inakufa. Hapo alikuwa ameshika ufunguo bila kujua. Kotoni ya wakulima wa Jambiani wanasayansi waliiita Eucheuma cottonii, na miaka ya 1980 ikapewa jina jipya, Kappaphycus alvarezii. Spinosamu ni Eucheuma spinosum ya zamani, ambayo leo huandikwa Eucheuma denticulatum. Anayetafuta kwa jina jipya peke yake anawakosa walioandika kwa la zamani, na anayetafuta kwa la zamani anawakosa wa leo. Binti yule alikuwa na majina ya shambani tangu utotoni. Akayaongeza yale ya maabara.

Chini ya "wapi" aliandika Zanzibar, Unguja, Pemba, Jambiani, Paje na Tanzania. Chini ya "akina nani" aliandika women na gender. Chini ya "kumetokea nini" akaweka joto la maji ya bahari, na lile gonjwa linaloufanya mwani upauke na kukatika, ambalo wanasayansi huliita ice-ice.

Baada ya hapo kazi ni ya kuunganisha. Hifadhidata hutumia viungo vitatu vinavyotokana na mantiki ya George Boole, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19: AND, OR na NOT. Majina ya kitu kimoja yanaunganishwa kwa OR na kufungwa kwenye mabano. Mafungu yanayotofautiana yanaunganishwa kwa AND. Maneno yanayopaswa kukaa pamoja, kama jina la kisayansi la maneno mawili, yanawekwa ndani ya alama za mtajo. NOT siipendi, na huwaambia wanafunzi waiogope, kwa sababu huitupa makala nzuri kwa kosa la kutaja neno moja usilolitaka. Tuliandika mafungu mawili kwanza, mwani na mahali. Orodha ikawa ndefu lakini yote inahusu kwetu. Tukaongeza fungu la wanawake, ikapungua ikawa ya kusomeka jioni moja.

Alisogeza kiti karibu na kioo. "Madam, kumbe haya yote yameandikwa?"

Yameandikwa, tena mengine yameandikwa umbali wa safari ya daladala kutoka mjini Unguja. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko kisiwani huko huko, na majina ya watafiti wa nyumbani kama Flower Msuya, ambaye ameandika juu ya kilimo cha mwani kwa miaka mingi, yalijitokeza mara kwa mara kwenye orodha. Ukiona jina linajirudia namna hiyo, acha kutafuta mada kwa muda, tafuta mtu. Halafu fuata nyuzi mbili. Uzi wa nyuma ni marejeo yaliyo mwishoni mwa makala, yanayokuonyesha mwandishi alisoma nini. Uzi wa mbele uko kwenye Google Scholar: chini ya kila makala kuna kiungo cha waliokuja kuitaja baadaye. Makala moja nzuri ya zamani ikifuatwa pande zote mbili inaweza kukupa nusu ya sura ya pili ya tasnifu yako.

Jarida la Western Indian Ocean Journal of Marine Science, ambalo binti yule alilihitaji kuliko yote, halidai nywila ya mtu yeyote. Linasomeka bure kupitia African Journals Online, jukwaa lililoanza mwaka 1998 na ambalo sasa makao yake ni Afrika Kusini. Kwa utafiti wa Afrika huwa naanzia hapo kabla ya kwenda kwenye hifadhidata ya JSTOR au kwa wachapishaji wa Ulaya. Kuna wanaoliona kama chaguo la pili. Naona wanakosea sana. Makala ya mtu aliyekaa na wakulima wa Pemba ina mambo ambayo jarida la bei kubwa halina.

Usiiache katalogi ya maktaba yenyewe, ile inayoorodhesha vitabu na tasnifu zilizoko rafuni. Ukitafuta kwa jina la kitabu au la mwandishi hutapata taabu. Ukitafuta kwa mada, jua kuwa wakutubi hutumia orodha ya vichwa vya mada vilivyokubaliwa, na vichwa hivyo havifanani na maneno ya mtaani. Kilimo cha mwani, katika orodha ya Library of Congress inayotumiwa na vyuo vingi, kimewekwa chini ya Marine algae culture. Nani angelikisia? Kwa hiyo fanya hivi: tafuta kitabu kimoja unachojua kinahusu mada yako, fungua taarifa zake kamili, tazama kichwa cha mada kilichoandikwa hapo, kisha kibonyeze. Vingine vyote vya ukoo wake vitajipanga.

Kwa wanaosoma fasihi na lugha, nina neno la pekee, kwa kuwa hawa ndio wanaoonewa zaidi na mashine. Hifadhidata nyingi zina alama ya kinyota inayowekwa mwishoni mwa mzizi ili ilete maneno yote yanayoanza na mzizi huo. Ilibuniwa kwa lugha zinazobadilika mkiani. Kiswahili hubadilika kichwani. Ukiandika shair na kinyota, utapata shairi, lakini ushairi, mashairi, mshairi na washairi yote yatabaki nje. Dawa yake ni kuyaandika yote matano na kuyaunganisha kwa OR. Vivyo hivyo mkulima, wakulima, ukulima, kilimo. Inachosha vidole, lakini nimeona orodha ya makala tatu ikawa ukurasa mzima kwa sababu mwanafunzi alikumbuka umoja na wingi. Tafuta pia kwa Swahili na kwa Kiswahili, maana waandishi wa Kiingereza wamegawanyika.

Na usikubali kuambiwa kuwa hakuna majarida ya kitaaluma kwa Kiswahili. Jarida la Kiswahili la Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) lina ukoo unaorudi hadi kwenye Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Mulika na Kioo cha Lugha yako mtandaoni pia. Swahili Forum, lililoanzishwa mwaka 1994 huko Ujerumani, linasomeka lote bure na huchapisha makala za Kiswahili pamoja na za Kiingereza. Mwanafunzi anayeandika tasnifu ya ushairi bila kupitia majarida haya manne, mimi humrudisha kwenye kiti.

Kisha kuna hazina za miswada, na hapa niwie radhi nikikaa kidogo, kwa sababu ndiko moyo wangu uliko. Katika mkusanyo wa East Africana pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa na J. W. T. Allen, na katalogi yake ilichapishwa na Brill wa Leiden mwaka 1970. Kuna pia karatasi za Hans Cory, aliyeandika mila na sheria za makabila mengi ya nchi hii wakati wa ukoloni. Hayo unayafuata kwa miguu, ukiwa na barua na kitambulisho. Lakini ng'ambo ya bahari, Chuo cha SOAS cha London kina miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, ikiwemo karatasi za mmishenari William Taylor zenye mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, yaliyokusanywa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Sehemu ya miswada hiyo imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Mtu wa Mombasa, Lamu au Tanga anaweza kuikuza kwenye simu yake na kuusoma mkono wa mwandishi aliyekufa zaidi ya karne moja iliyopita, bila viza wala nauli. Kwa vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki, maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ina kamusi ya Kiswahili ya Krapf ya mwaka 1882, nakala kamili, ya kupakua.

Nazungumza juu ya kupakua nikijua thamani ya bando. Makala yenye picha nyingi inaweza kula data ya siku nzima. Soma ikisiri kwanza, ambayo ni maandishi matupu na haigharimu kitu, kisha tazama hitimisho kama ukurasa unaruhusu, ndipo uamue. Kazi ya kupakua ifanyie kwenye mtandao wa chuo, na ya kusoma ifanyie nyumbani. Weka kila unachopakua ndani ya Zotero, programu ya bure inayotunza makala na kukuandikia orodha ya marejeo kwa mtindo chuo chako kinaoutaka. Nimewaona watu wazima wakilia wiki ya kukabidhi tasnifu kwa kuwa hawakumbuki sentensi fulani waliitoa wapi.

Siku hizi kumezuka tatizo jipya. Wanafunzi wananiletea orodha za makala walizopewa na programu za akili mnemba, wakiniomba niwatafutie. Jina la mwandishi ni la mtu wa kweli, jarida ni la kweli, mwaka unaelekea kuwa sawa, na makala yenyewe haipo popote duniani. Programu hizo hupanga maneno yanayofanana na marejeo. Hazijapita kwenye rafu yoyote. Kuna kipimo cha haraka: makala nyingi za sasa zina namba ya utambulisho iitwayo DOI, na kila namba ya DOI huanza na 10. Ibandike kwenye tovuti ya doi.org. Ikikupeleka kwenye makala hiyo hasa, endelea. Ikikupeleka kwingine au isikupeleke popote, ifute. Akili mnemba inaweza kukusaidia kukumbuka visawe vya kuandika kwenye karatasi yako ya maswali manne. Kazi ya kutaja ushahidi usiikabidhi.

Jihadhari pia na majarida ya kitapeli yanayokuandikia barua pepe usiku, yakisifu tasnifu yako na kuahidi kuichapisha ndani ya siku chache ukilipa. Kabla ya kutuma chochote, tazama kama jarida limeorodheshwa kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanza mwaka 2003, kisha muulize mkutubi.

Najua msomaji wa gazeti hili si lazima awe mwanafunzi. Mwalimu wa sekondari Kigoma, mwandishi wa habari Mwanza, bwana shamba Iringa, nao wana maswali. Kwenu, sehemu kubwa ya niliyoyataja haina mlinzi mlangoni: African Journals Online kwa majarida yake huria, DOAJ, Swahili Forum, Internet Archive, na hifadhi za tasnifu za vyuo vyetu kama ile ya Sokoine, ya Muhimbili, ya Chuo Kikuu Huria na ya Nairobi. JSTOR nayo humruhusu mtu yeyote aliyefungua akaunti ya binafsi kusoma makala 100 kila mwezi mtandaoni bila malipo. Kwenye kompyuta, weka kiendelezi cha Unpaywall katika kivinjari; ukifika kwenye makala inayouzwa, alama ya kufuli la kijani itakuonyesha kama nakala halali ya bure iko mahali pengine. Na wauguzi na madaktari wa hospitali za wilaya, sikilizeni: hospitali nayo inaweza kusajiliwa Research4Life, sawa na chuo. Idara za serikali na taasisi za utafiti pia. Mganga mkuu wa wilaya hahitaji bajeti kwa hilo. Anahitaji kujaza fomu.

Vyuo vingi pia hupokea wasomaji wa nje kwa ada ndogo, nao wakishaketi ndani hutumia mtandao wa chuo kama wengine. Uliza getini.

Kwa wahitimu nina ombi. Tasnifu zenu nyingi zimejaladiwa kwa rangi nzuri na kufungiwa kwenye chumba ambacho mtu wa Songea hatakifikia. Alichoandika mwenzenu juu ya visima vya Dodoma au nyimbo za harusi za Pemba hakionekani kwenye utafutaji wowote, na anayefuata anaanza upya kana kwamba hakuna aliyetangulia. Chuo chako kikikupa fomu ya kuruhusu tasnifu iwekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni, itie saini. Kama ulimaliza zamani na hukupewa fomu, rudi na nakala yako. Andika ikisiri kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, na weka kwenye maneno msingi majina ambayo watu wa kijiji ulichokitafiti wanayatumia. Mwani, kotoni na spinosamu yawepo kando ya Kappaphycus na Eucheuma, ili mtoto wa mkulima atakayetafuta kwa lugha ya mama yake aikute kazi yako.

Na wewe ambaye makala yako bado inadaiwa dola 40, usilipe. Andika swali lako kwa sentensi moja, andika majina yake yote, na uje nalo kwenye dawati la marejeo la maktaba iliyo karibu nawe. Mkutubi analipwa mshahara kwa ajili ya swali hilo.